Tusimhukumu Mbwa Mzee Kabla ya Kumchunguza

Mbwa aliyelinda nyumba ya watu kwa miaka mingi, akajulikana mtaa mzima kwa ukali wake wa usiku na utulivu wake wa mchana, anapoanza kugeuka tabia, akawa anabwekea ukuta usio na mtu, au anamngurumia mtoto aliyekuwa akicheza naye jana, au anakojoa mahali alipokatazwa tangu udogo wake, au anasimama pembeni mwa ua kama aliyepotewa na njia ya kurudi bandani, hukumu yake aghalabu hutolewa siku hiyo hiyo, nayo huwa moja katika hukumu tatu: mmoja husema ni uzee, wa pili husema amepagawa na shetani, na wa tatu, ambaye neno lake ndilo la kuogopwa zaidi kwa kuwa hufuatwa na marungu, husema ana kichaa. Hukumu hizi zinahitilafiana kwa kila jambo isipokuwa moja, nalo ni kwamba zote tatu hupitishwa kabla mtu yeyote hajainama kumtazama mbwa mwenyewe machoni, masikioni, kinywani na miguuni. Nakusudia kusema katika makala haya kwamba mageuzi ya mbwa mzee, hata yawe ya ajabu namna gani, yana sababu. Kwamba sababu hiyo mara nyingi huweza kujulikana, na ikijulikana mara nyingi hutibika au hupunguzwa makali. Na kwamba mwenye mbwa ana wajibu wa kuitafuta kabla ya kukata shauri lolote juu ya uhai wa mnyama huyo.

Katika hukumu tatu nilizozitaja, ile ya uzee ndiyo iliyo pole masikioni na ndiyo yenye madhara ya siri, maana haimuui mbwa kwa siku moja, humwacha afe kwa miezi mingi mbele ya watu wanaompenda. Husemwa kwa huruma, pengine na mtu anayempapasa mbwa kichwani huku akimwambia, "Pole mzee wangu, umechoka," na baada ya maneno hayo uchunguzi wote hukoma, kana kwamba miaka ndiyo iliyomlegeza, ilhali miaka peke yake hailegezi mtu wala mnyama. Kinacholegeza ni jino lililooza, figo iliyochakaa, kiungo kilichosagika, tezi iliyopotewa na kipimo chake, uvimbe uliojificha tumboni, na kila kimoja katika hivyo kina jina lake, dalili zake na, kwa sehemu kubwa, dawa yake. Kwamba uzee huzidisha hatari ya maradhi ni kweli isiyo shaka, lakini kwa sababu hiyo hiyo mbwa mzee anastahili kuchunguzwa zaidi ya kijana.

Hata hesabu ya uzee wenyewe tunaikosea. Wengi wetu huzidisha miaka ya mbwa kwa 7 ili wapate umri wa binadamu, na hesabu hiyo haisimami hata mwanzoni mwake, kwa kuwa jike wa mwaka mmoja aweza kuwa amekwisha kushika mimba, jambo lisilowezekana kwa mtoto wa miaka 7. Mbwa hukua upesi mno katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mwendo wake hupungua. Na fauka ya hayo, mbwa wenye maumbo makubwa huzeeka mapema kuliko wadogo, hata mbwa wa kilo 40 huhesabiwa mzee akiwa na miaka 7 au 8, ilhali kijibwa cha kilo 6 chaweza kufika miaka 10 au 11 kabla ya kuingia katika hesabu hiyo. Mbwa wetu wa kienyeji, ambao ndio wengi katika nyua zetu, ni wa umbo la kati, na mara nyingi mwaka waliozaliwa haukuandikwa popote. Kwa hiyo mwenye mbwa asingoje mvi zijae puani ndipo aanze kumwangalia.

Jambo linalowapoteza watu wengi ni kudhani kwamba mnyama anayeumwa hulia. Mbwa mwenye maumivu ya kudumu, yaani yale yanayokaa mwilini wiki hadi wiki, aghalabu halii kamwe. Hula chakula chake, hutikisa mkia, hutoka kumlaki bwana wake langoni, na maumivu yake hujitokeza kwa njia ya tabia tu, kwa kuchelewa kuinuka asubuhi, kwa kusita mbele ya ngazi mbili za baraza alizozoea kuziruka, kwa kujiramba mahali pamoja mpaka manyoya yakanyonyoka, kwa kukasirika anapoguswa kiunoni. Baridi yabisi ya nyonga na magoti, ambayo ni maradhi ya kawaida kabisa kwa mbwa wazee, huonekana hivyo, na mtu asiyejua husema mbwa amekuwa mvivu. Nilimjua mbwa mmoja aitwaye Simba, mlinzi wa bohari ya mbao, ambaye baada ya miaka mingi ya upole kwa wenyeji alianza kuwangurumia watoto wa jirani waliozoea kumshika kichwa, akawa huacha mifupa na kula ugali uliolainishwa tu, kisha ukatokea uvimbe chini ya jicho lake la kushoto ambao kila mtu aliusadiki kuwa ni jeraha la jiwe. Mwenye bohari alikwisha kutafuta mtu wa kumwondoa. Bwana mifugo aliyefika kwa shughuli nyingine kabisa, kwa ajili ya ng'ombe wa jirani, ndiye aliyemfungua Simba kinywa, akaona jino kubwa la nyuma la taya la juu limepasuka na kuoza mpaka mzizini, na mizizi ya jino hilo kwa mbwa hukaa chini ya jicho, ndiyo sababu usaha wake hujaza shavu mahali pale. Jino liling'olewa, dawa zikatolewa, na tabia iliyosemwa kuwa ya uzee ikaondoka pamoja na jino. Ninamtaja Simba kwa kuwa maradhi ya meno na fizi huwapata mbwa wengi mno wanapopita umri wa kati, na kwa kuwa kinywa ni mahali ambapo mwenye mbwa hatazami kabisa.

Nisidhaniwe kwamba naidharau hofu ya kichaa cha mbwa. Maradhi haya, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015, huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote katika Asia na Afrika, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Na mtu akisha kuonyesha dalili zake, utabibu wa leo hauna la kumfanyia ila kumpunguzia mateso. Kwa hiyo mbwa wa umri wowote anayegeuka ghafula, akashambulia bila kuchokozwa, akadondokwa na mate asiyoweza kuyameza, akalegea taya, akabadilika sauti au akayumba miguu, asiguswe na mtu. Afungiwe peke yake kwa hadhari, watoto waondolewe, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupewa chanjo, wala asikae kungoja kuona mwisho wa mbwa.

Lakini elimu hiyo hiyo inayotuamuru kuogopa ndiyo inayotupa kipimo cha kupambanua. Kichaa cha mbwa, ingawa huweza kujificha mwilini kwa majuma au miezi kabla ya kudhihirika, kikisha kudhihirika hakikawii: mbwa hufa kwa siku chache, kwa kawaida kabla ya siku 10 kwisha, na ndiyo sababu mbwa aliyemng'ata mtu, akiwa yu mzima wa afya, hushikwa na kutazamwa kwa siku 10. Basi mbwa ambaye amekuwa akisahau njia tangu Ramadhani na sasa ni Mfungo Tatu, au ambaye amekuwa akibweka usiku tangu masika na sasa ni kiangazi, hana kichaa. Ana maradhi mengine, na anayempiga rungu kwa jina la kichaa anaua bila ushahidi. Tena anayemuua mbwa mwenye kichaa cha kweli kwa kumponda kichwa, kisha akamzika upesi, ameupoteza ushahidi ambao daktari aliuhitaji, maana maradhi haya huyakinishwa katika maabara kwa kupima ubongo. Kinga ya jambo hili haimo katika rungu, imo katika sindano. Kisiwani Pemba, palipopigwa chanjo mbwa kwa mpango wa kisiwa kizima, maradhi haya yalizimika mwaka 2014, yakarudi mwaka 2016 baada ya chanjo kuregarega, na yakazimwa tena mwaka 2018 chanjo iliporejeshwa. Mbwa mzee mwenye chanjo isiyopitwa na wakati anaweza kutazamwa na jamaa zake bila fazaa, na huo ni ulinzi wake dhidi ya maradhi na dhidi ya watu pia.

Sasa nizungumze juu ya maji, kwa sababu katika dalili zote za mbwa mzee hakuna iliyo rahisi kupimwa nyumbani wala iliyo na habari nyingi kama kiu. Mbwa mzima wa kilo 20 hunywa takriban lita moja na kidogo kwa siku, zaidi wakati wa joto au anapolishwa chakula kikavu. Akianza kupita lita 2 kila siku, mwili wake unasema neno. Huenda ni kisukari, hasa ikiwa anakonda huku anakula kwa pupa na macho yake yanaanza kuwa meupe kwa mtoto wa jicho. Huenda ni figo, ambazo huchakaa kimya kimya, na kile kipimo cha damu kilichozoeleka zaidi hakionyeshi kasoro mpaka robo tatu ya kazi yake imekwisha kupotea, kwa hiyo mwenye kungoja mbwa akonde na kutapika amengoja kupita kiasi. Kwa jike ambaye hakufungwa kizazi, akashikwa na kiu na ulegevu majuma machache baada ya joto lake, yafaa kukhofia usaha ndani ya mji wa mimba, maradhi yanayoua kwa siku chache na ambayo tiba yake ya hakika ni kupasuliwa na kuondolewa kizazi. Huenda tena ni zile tezi ndogo zilizo karibu na figo zimezidisha kazi yake, na maradhi hayo ni ya hila kuliko yote, maana mbwa wake hula sana, tumbo hushuka na kutuna, manyoya hupungua ubavuni, hutweta hata akiwa kivulini, na majirani humsifu bwana wake kwamba amemshibisha. Mbwa wa namna hiyo akikojoa ndani usiku hupigwa kwa kukosa adabu, ilhali kibofu kimejaa kuliko uwezo wa adabu yoyote. Kumpiga mnyama kwa sababu ya ugonjwa ni dhuluma, hata kama mpigaji hakujua.

Jambo la pili linaloshtua watu, na ambalo limewapotezea mbwa wengi uhai wao saa ile ile, ni kuanguka kwa ghafula. Mbwa mzee huamka asubuhi amepinda kichwa upande mmoja, macho yake yanachezacheza kushoto na kulia bila kukoma, anatembea kwa kuzunguka na kuangukia ubavu, anatapika, na wenyeji wakimwona hivyo huamini kwamba amepatwa na kiharusi, au amelishwa sumu, au amepigwa na pepo. Yawezekana kuwa sumu, na kwa hiyo daktari aulizwe bila kukawia. Lakini mara nyingi kwa mbwa mzee hali hii hutoka katika kile kiungo cha ndani ya sikio kinachoshika mizani ya mwili, kimevurugika bila sababu inayojulikana, na hupungua chenyewe katika siku chache, hata baada ya juma moja au mawili mbwa hutembea tena, pengine kwa kichwa kilichobaki kimepinda kidogo. Anachohitaji ni mahali penye kivuli pasipo ngazi, maji karibu na kinywa, mkono wa kumwinua na dawa ya kichefuchefu. Aliyeuawa siku ya kwanza angalikuwa anatembea siku ya kumi.

Katika nchi zetu za joto yapasa kuongeza habari ya kupe. Kupe wa rangi ya kahawia anayeishi katika nyufa za kuta na mabanda ya mbwa huchukua vidudu vya homa vinavyoshambulia damu, na moja katika homa hizo huweza kukaa mwilini kimya kwa miezi, hata kwa miaka, kisha ikaibuka mbwa akiwa mkubwa, kwa kukonda, kwa fizi zilizopauka kama karatasi, kwa damu ya puani isiyokatika. Vitabu vinavyoandikwa katika nchi za baridi havitaji homa hizi katika milango yake ya kwanza, na mwenye mbwa wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anayevitegemea peke yake atakosa lililo mlangoni pake. Fizi zitazamwe. Fizi za mbwa mzima ni za waridi na zenye unyevu, isipokuwa kwa wale waliozaliwa na fizi nyeusi, ambao yafaa kuwatazama ngozi ya ndani ya kope la chini.

Baada ya yote hayo kuchunguzwa na kutoonekana, ndipo tuingie katika maradhi ya akili yenyewe, kwa kuwa mbwa naye, kama binadamu, huweza kupotewa na fahamu kwa uzee. Hii si dhana. Katika ubongo wa mbwa wazee hukutwa utando wa protini ile ile inayojikusanya katika ubongo wa wazee wa kibinadamu wenye maradhi ya kusahau yaliyopewa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walichapisha mwaka 2001 uchunguzi ulioonyesha kwamba katika mbwa wa miaka 11 na 12, asilimia 28 walikuwa na upungufu wa aina moja au zaidi, na katika mbwa wa miaka 15 na 16 idadi ilifika asilimia 68. Upungufu wenyewe waliupima kwa mambo ambayo kila mwenye mbwa anaweza kuyaona: mbwa kupotea katika ua anaoujua, kubadili mwenendo wake na watu wa nyumbani, kugeuza usiku kuwa mchana na mchana kuwa usiku, na kusahau mahali pa haja. Uchunguzi mwingine, wa Australia, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria kwamba asilimia 14.2 ya mbwa wazee walikuwa na maradhi haya, ilhali waliokuwa wamekwisha kutambuliwa na madaktari walikuwa asilimia 1.9 tu. Ikiwa katika nchi yenye madaktari wa mbwa katika kila mji wengi hivyo hupita bila kutambuliwa, seuze kwetu, ambako mbwa wengi huishi na kufa bila kuguswa na daktari hata mara moja.

Maradhi haya hayana kipimo cha damu. Hutambuliwa kwa kuondoa kwanza kila sababu nyingine, na kwa sababu hiyo mtu anayeanzia hapa ameanza mwishoni. Marekani iliruhusu mwaka 1998 dawa ya selejilini itumiwe kwa mbwa wenye hali hii, nayo huwasaidia baadhi yao bila kumponya yeyote. Lakini katika yaliyo mikononi mwetu wote, bila kununua chochote, yamo mambo yenye faida kubwa: kumpa chakula na matembezi saa zile zile kila siku, kutohamisha banda wala chombo chake cha maji, kumwachia taa ndogo usiku, kumtembeza polepole jioni ili alale, na kumwita kwa jina kabla ya kumgusa ili asishtuke, maana pengine hasikii kama zamani wala haoni vema gizani. Mbwa mlinzi aliyefika hapo asiachwe huru usiku. Akimbwekea bwana wake langoni si uasi, hakumtambua.

Mwenye mbwa anayekwenda kwa daktari na maneno "amebadilika tu" amempa daktari kazi ya kupiga ramli. Aende na habari: mageuzi yalianza lini, yalikuja kwa ghafula au kidogo kidogo, hutokea usiku au mchana, anakunywa kiasi gani, anakula nini, alichanjwa lini. Wenye simu zenye kamera wachukue picha za mwendo wake na za vituko vyake vya usiku, kwa kuwa mbwa wengi wakifika mbele ya daktari husimama wima kwa khofu na dalili zote zikafichika. Jambo moja walikwepe kabisa, nalo ni kumpa mbwa vidonge vya maumivu vya binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huchoma tumbo lake na kuharibu figo zake, na parasetamoli kwa kipimo cha mtu huweza kuua ini lake; wapo mbwa waliopona baridi yabisi kwa siku mbili wakafa kwa dawa siku ya tatu.

Najua kwamba pwani kwetu lipo sikio litakalosikia maneno haya kwa uzito, kwa sababu ya tohara. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika Waislamu wa pwani, mate ya mbwa ni najisi na huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mimi siandiki kinyume cha hayo. Lakini fiqhi hiyo hiyo imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo, wa shamba na wa ulinzi, na hukumu ya tohara haikupata kuwa idhini ya ukatili. Yamepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwenye dhambi alisamehewa kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu na kumpandishia maji katika kiatu, na Sura ya Pango katika Kurani haikumsahau mbwa aliyelala kizingitini pa wale vijana waliolala pangoni. Mwanachuoni wa Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi wa wavaao nguo, kwa uaminifu. Udongo upo, maji yapo, na kuosha chombo hakumzuii mtu kumtazama mnyama wake fizi. Mlinzi wa kibinadamu akiugua katika kazi yetu, twamwuliza anaumwa wapi kabla ya kumfukuza. Mbwa naye ametulinda kwa ugali na maji, na swali hilo anatudai.

Gharama ni kikwazo cha kweli, wala sitaki kukipunguza kwa maneno. Kipimo cha damu na picha ya mifupa hupatikana kwa urahisi katika miji mikubwa na karibu na vyuo vinavyofundisha utabibu wa wanyama, kama vile Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro na Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na bwana mifugo wa wilayani kazi yake yote ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Kwa ajili hiyo naleta shauri moja mbele ya wizara zinazohusika na mbele ya halmashauri zetu. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, ambazo mahali pengi hufanywa bila malipo na hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mbwa wa kata nzima huletwa mahali pamoja wamefungwa kamba, na anayechoma sindano huwa amekwisha kumshika mnyama mkononi. Dakika mbili zaidi kwa kila mbwa mwenye mvi zatosha kufungua kinywa, kutazama fizi na macho, kupapasa tumbo na viungo, na kumwuliza mwenyewe habari ya kiu. Hakuhitajiwi chombo wala jengo jipya; kunahitajiwa amri na karatasi ya kuandikia. Na mafunzo ya maofisa mifugo yaongezwe saa chache juu ya mbwa mzee, ili atakayeulizwa asijibu naye kwamba ni uzee.

Wapo mbwa ambao, baada ya kuchunguzwa na kutibiwa, maumivu yao hayashikiki, nao wanastahili kufishwa kwa sindano ya daktari, taratibu, mbele ya mtu wanayemjua. Hiyo ni ihsani, na ni mbali na sumu ya kuwekewa nyamani, na mbali na kupakiwa gari kwenda kutupwa sokoni au porini, ambako mbwa kipofu asiyejua njia hufa kwa njaa na magari. Basi, msomaji mwenye mbwa aliyepita miaka 7, mlete juani kesho asubuhi, mtazame meno, fizi, macho na miguu, pima maji yake kwa siku tatu, na ukiona jambo lililogeuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya juma hili kwisha.